Usajili si leseni

Dada mmoja hapa California alinionyesha karatasi iliyotiwa fremu, muhuri wa dhahabu uking'aa pembeni. "Hii ndiyo leseni yetu ya kutunza wazee." Nikaisoma. Ilikuwa hati ya ofisi ya Katibu wa Jimbo kwamba kampuni yake imeandikishwa. Si mara ya kwanza kuonyeshwa hati ya namna hiyo.

Leseni ya wakala wa utunzaji wa nyumbani ni ruhusa ya jimbo ya kupeleka wahudumu majumbani kuwasaidia watu kuoga, kuvaa na kula. California inaidai tangu Januari 1, 2016, na hutolewa na Idara ya Huduma za Jamii.

Tusikilize maneno yenyewe. Usajili unatokana na Kiarabu, *sijili*, yaani daftari: umesajiliwa, jina lako limeandikwa. Cheti kimetufikia kutoka Bara Hindi, ambako *chitthi* ni barua. Kinaeleza habari za aliye nacho, kwamba alisoma akafaulu. Leseni tumeichukua kutoka kwa Waingereza, na mzizi wake wa Kilatini ni kuruhusiwa. Kwetu ndugu yake ni ruhusa, na Waarabu hadi leo leseni ya udereva huiita *rukhsa*. Ruhusa ina mwenye kuitoa, ina masharti, na ukiyavunja unapokonywa. Masharti ya leseni hii ya utunzaji ni pamoja na bima ya dola milioni 1 kwa kila tukio, na dhamana ya dola 10,000 mfanyakazi asipokuwa mwaminifu. Daftari la kuandikisha kampuni halikuulizi hata moja kati ya hayo, na anayeumia ni mzee aliye kitandani.

Kinachozidi kuwachanganya watu ni kwamba wahudumu nao husajiliwa. Anayetumwa na wakala lazima awe kwenye rejista ya jimbo, baada ya kutoa alama za vidole na kuchunguzwa kama ana rekodi ya uhalifu. Usajili huo ni wa mtu. Hata wahudumu kumi waliosajiliwa hawaipi kampuni leseni. Na leseni hii haihusu sindano wala vidonda. Huo ni uuguzi wa nyumbani, wenye leseni yake kutoka Idara ya Afya ya Umma.

Kwa hiyo, dada yangu, kusema "tumesajiliwa" ni kweli kabisa. Ombi lako likiwa bado liko idarani, waambie wateja "tumeomba leseni", na ile fremu ibaki ukutani kwa jina lake: hati ya kampuni.