Nukta ya kijani haijui kama mtu yupo

Juzi kati nilimwandikia mwenzangu wa kazini mara tatu ndani ya dakika kumi. Jina lake lilikuwa juu kabisa kwenye orodha, nukta ya kijani inang'aa, jibu hakuna. Nikaanza kununa. Baadaye akanipigia kwa simu ya jirani: umeme ulikatika kwao, ruta ikazimika, na simu yake ilikuwa imeisha chaji. Kumbe nilikuwa namnunia mtu ambaye hata mlio wa ujumbe hakuusikia.

Kazi yangu ni kutengeneza programu za aina hiyohiyo, kwa hiyo aibu ilikuwa mara mbili. Orodha ya majina pembeni mwa programu ya kuchati ya ofisi huonekana kitu chepesi: picha, jina, nukta. Labda ndiyo maana dhana potofu zimeijaa, kwa watumiaji na hata kwetu tunaoichora.

"Kijani maana yake yupo"

Kijani maana yake seva, yaani kompyuta kuu inayopokea na kusambaza ujumbe, ilisikia kutoka kwenye kifaa chake muda si mrefu uliopita. Basi. Mtu akifunga programu vizuri, kifaa huaga. Umeme ukikatika hakuna kuaga: seva inabaki imeshika uzi ambao upande wa pili umeshakatika, na kwa seva uzi huo unafanana kabisa na uzi wa mtu aliyenyamaza tu. Kwenye Linux, mfumo unaoendesha seva nyingi, hata ukiwasha ukaguzi wa muunganisho wa TCP, yaani njia ya kawaida ya kompyuta kuzungumza mtandaoni, kipimo cha kawaida ni kungoja sekunde 7,200 za ukimya, yaani saa mbili nzima, ndipo swali la kwanza la "bado upo?" litumwe.

Dawa ni programu yenyewe kupiga hodi kila baada ya muda mfupi, tuseme sekunde 30, na asiyeitikia hodi mbili tatu azimiwe nukta. Ukipiga hodi mno unamlia mtu betri na bando. Ukipiga kwa nadra unaonyesha mizimu. Na mtandao wa simu ukiyumba, mpe mtu nafasi kidogo kabla ya kumzima, la sivyo jina lake litawaka na kuzima kama taa ya Krismasi.

Halafu kuna aliye mtandaoni ila hayupo kitini. Programu nyingi hupima mara ya mwisho kugusa kipanya au kibodi. Anayesoma mkataba uliochapishwa kwenye karatasi ataonekana katoka; aliyeegesha kitu juu ya kibodi akaenda kunywa chai ataonekana mchapakazi hodari. Mabosi wanaofanya nukta kuwa daftari la mahudhurio wafikirie hapo.

"Kijivu hapatikani, usimwandikie"

Tangu Android 6.0 ya mwaka 2015, simu iliyotulia bila kuguswa huzinyima programu intaneti ili kuokoa betri. Muunganisho unakatika, nukta inageuka kijivu, lakini ujumbe wako unapitia njia ya arifa za simu yenyewe na mfuko unalia. Kwa hiyo orodha nzuri hutenganisha watu watatu: aliye kwenye kompyuta, anayepatikana kwa simu, na aliyezima arifa kwa hiari yake. Huyu wa tatu apewe alama iliyo wazi kuliko zote, maana yeye amesema kwa kinywa chake. Wale wengine tunawakisia.

"Waliopo wapandishwe juu"

Kila anayeanza kuchora orodha hii hufanya hivyo, nami nilifanya. Kwenye mchoro wa mfano inapendeza, kwa sababu mchoro hautembei. Kazini, saa mbili unusu asubuhi, watu wanaingia mfululizo na majina yanarukaruka kama kumbikumbi kwenye taa. Unapeleka kidole kwa Mwajuma wa uhasibu. Sekunde ileile Mussa, mkurugenzi, anaingia. Kialfabeti yeye anatangulia, anakaa pale alipokuwa Mwajuma, Mwajuma anashuka hatua moja. Kidole kimeshagusa. "Shoga, mzee kaamkaje leo?" inamfikia mzee mwenyewe.

Siku hizi naugandisha mpangilio wakati kipanya au kidole kiko juu ya orodha. Na wale unaochati nao kila siku wanakaa juu, wawe wapo au hawapo. Mtu humtafuta mwenzake pale alipomwacha jana.

"Rangi inatosha"

Haitoshi. Kwa wanaume wenye asili ya Ulaya ya kaskazini, karibu 1 kati ya 12 hupata shida kutofautisha nyekundu na kijani. Kwetu ni wachache zaidi, ila wapo, na juani hata mwenye macho mazima haioni nukta hiyo. Duara lililojaa, duara tupu, mwezi: umbo liseme pamoja na rangi.

"Kila mtu aone hali ya kila mtu"

Ofisi ya watu 50 wakiingia wote asubuhi, kila mmoja akitangazwa kwa wenzake 49, ni taarifa 2,450. Kwa watu 1,000 ni 999,000, kabla hajatokea wa kuandika "habari za asubuhi". Mpelekee mtu taarifa za majina yaliyo mbele ya macho yake kwenye skrini, yatosha.

"Maneno ya hali ni mapambo"

Mapema miaka ya 1970 pale Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, mtaalamu wa kompyuta Les Earnest aliona wenzake wakipitisha kidole kwenye orodha ya walioingia kwenye kompyuta wakitafuta fulani. Akaandika programu, akaiita finger, kidole. Ilionyesha majina kamili ya watu na muda tangu mtu aguse mashine. Ikaongezwa na faili ya kueleza uko wapi. WhatsApp nayo, mwaka 2009, ilianza kama maneno ya hali pembeni ya majina, kutumiana ujumbe kukafuata.

Kwetu Waswahili kuna mtego wake. Mtu wa Dar es Salaam anaandika "Nitarudi saa 8", yaani mchana. Mwenzake wa Minneapolis, Marekani, anaelewa saa 2 asubuhi, tena ya kwao. Usiache iwe maandishi matupu: mpe mtu kitufe cha kuchagua muda, uutunze kwa UTC, saa moja ya pamoja ya dunia nzima, kisha kila msomaji auone kwa saa yake. Dar aone "hadi saa 8 mchana", Muscat aone 15:00.

Na muda ukifika, maneno yajifute yenyewe. Kwenye timu yetu kuna mtu ambaye "yuko kwenye chakula cha mchana" tangu kabla ya Ramadhani.