Maana ya wingu katika kompyuta, na mahali pa akili mnemba ndani yake

Katika mkutano mmoja wa hivi karibuni, nilimsikia mtaalamu ninayemheshimu akiwaeleza viongozi wa shirika lake kwamba mwaka huu "wanahama kutoka kwenye wingu kwenda kwenye akili mnemba". Hakuna aliyemuuliza lolote, na wengi walitikisa vichwa kwa kukubali. Kauli hiyo nimekwisha kuisikia mara nyingi mno kwa maneno yanayotofautiana kidogo tu: kwamba wingu limepitwa na wakati, kwamba akili mnemba ndilo wingu jipya, kwamba data zetu zote sasa "ziko hewani". Zote zinazaliwa na kosa moja, nalo ni kulichukulia wingu kuwa mahali, kana kwamba ni ghala fulani ambalo mtu huingiza vitu vyake na baadaye huvihamishia ghala lililo bora zaidi.

Maana yenyewe ni fupi. Huduma za wingu ni utaratibu wa kukodi nguvu ya kompyuta, yaani uchakataji, hifadhi, mtandao na programu, kwa kiasi unachokihitaji na kwa muda unaouhitaji, kupitia mtandao, na kulipia ulichotumia. Mnamo Septemba 2011 Taasisi ya Taifa ya Viwango na Teknolojia ya Marekani, NIST, ilitoa waraka wa kurasa chache uliotaja sifa tano ambazo huduma ikizikosa haistahili jina hilo: mteja ajihudumie mwenyewe bila kumsubiri mtu wa upande wa pili, huduma ifikiwe kwa mtandao kutoka kwenye vifaa vya kawaida, rasilimali ziwe za pamoja, zikigawiwa wateja wengi, ziweze kuongezwa na kupunguzwa upesi, na matumizi yapimwe. Hakuna sifa hata moja kati ya hizo inayosema kwamba wingu ni ghala. Kampuni iliyokodi seva moja, yaani kompyuta inayohudumia kompyuta nyingine, kwa mkataba wa mwaka mzima na kuilipia bei ileile, iitumie au isiitumie, imekodi seva, hata kama seva hiyo iko mbali na huonekana kupitia intaneti. Na shirika lililojenga kituo chake cha data, likakiendesha kwa namna inayoziwezesha idara zake kujichukulia nguvu na kuirudisha kwa kipimo, lina wingu binafsi ingawa mitambo yote imo ndani ya jengo lake.

Kosa hili halikutokana na uvivu wa wasemaji, kwa sababu neno lenyewe linapotosha, na historia yake inaonyesha limeanza kupotosha lini.

Wahandisi wa simu na mitandao walikuwa na desturi ya kuchora alama ya wingu kwenye michoro yao kila walipofika katika sehemu ya mtandao ambayo haikuwa kazi yao kuieleza. Katika miaka ya 1970 alama hiyo ilikwisha kuingia katika michoro ya ARPANET, mtandao uliotangulia intaneti. Upande mmoja wa karatasi ungeona kompyuta, upande wa pili kompyuta nyingine, na katikati wingu lenye mistari miwili inayoingia na kutoka. Mhandisi aliyelichora hakuwa na maana kwamba katikati hapakuwa na kitu. Alijua fika kwamba humo mlikuwa na nyaya, swichi, majengo na watu wanaokesha, ila aliamua kwamba msomaji wa mchoro ule hakuwa na haja ya kuvijua. Wingu lilikuwa alama ya jambo lililoachwa bila kuelezwa kwa makusudi, na ndiyo maana mimi huona kwamba waliolichagua hawakukosea. Tuliokosea ni sisi, tuliosoma mchoro kama picha ya anga.

Kwa Kiswahili kosa limekuwa jepesi zaidi, kwa kuwa wingu na mbingu ni maneno ya shina moja, na masikio yetu hayawezi kulisikia la kwanza bila kulikumbuka la pili. Kilicho mbinguni hakina uzito wala anwani, hakilipi kodi na hakihitaji umeme. Neno la Kiingereza ambalo tulilitafsiri lina asili tofauti kabisa: katika Kiingereza cha kale, neno lililozaa jina hilo la wingu lilimaanisha rundo la mwamba au kilima, na ni baadaye tu, watu walipoona mawingu mazito yanavyofanana na vilima, ndipo maana ikapanda juu. Nasema hivi kwa kupenda historia ya maneno, lakini pia kwa sababu rundo la mwamba linakifaa kituo cha data kuliko mvuke. Kituo cha data ni jengo la zege lenye safu za seva, mitambo ya kupoza, jenereta na njia za umeme zinazoweza kulisha mji.

Jina "kompyuta ya wingu" lilionekana katika waraka wa ndani wa kampuni ya Compaq mwaka 1996, lakini halikuenea wakati huo. Lililolieneza ni lile lililotokea miaka kumi baadaye. Machi 2006 Amazon ilifungua huduma yake ya hifadhi, S3, na Agosti mwaka huohuo ikaanza kukodisha mashine pepe kwa saa kupitia EC2. Mwezi uleule wa Agosti Eric Schmidt, aliyekuwa akiiongoza Google, alilitumia jina hilo hadharani katika mkutano wa watu wa injini za utafutaji, na baada ya hapo halikurudi nyuma. Mashine pepe, yaani programu inayofanya kazi kama kompyuta kamili ndani ya kompyuta nyingine, ilikuwa uvumbuzi wa zamani, kwa kuwa IBM ilikuwa nayo tangu miaka ya 1960. Upya wa mwaka 2006 ulikuwa katika namna ya kulipia: mtu mwenye kadi ya benki aliweza kupata seva kwa dakika chache, kuitumia saa tatu, kuizima, na kulipia saa tatu.

Jambo ambalo laiti lingejulikana zaidi ni kwamba wazo la wingu na jina la akili mnemba vinakutana kwa mtu mmoja. Mwaka 1955 John McCarthy, pamoja na Marvin Minsky, Nathaniel Rochester na Claude Shannon, waliandika pendekezo la warsha ya kiangazi katika chuo cha Dartmouth, na katika pendekezo hilo McCarthy akaupa uwanja mpya jina ambalo sisi leo tunalitafsiri akili mnemba, akili unde au akili bandia. Miaka sita baadaye, mwaka 1961, katika maadhimisho ya miaka 100 ya chuo cha MIT, McCarthy huyohuyo alisema kwamba huenda siku moja kompyuta ikapangwa kuwa huduma ya umma kama ilivyo simu. Hayo yalikuwa mawazo mawili katika kichwa kimoja, na hakuyachanganya. La kwanza linahusu mashine ifanye nini. La pili linahusu mashine ipatikane vipi, na nani ailipie kwa kipimo gani. Anayesema leo kwamba anahama kutoka kwenye la pili kwenda kwenye la kwanza ni sawa na mtu anayesema anahama kutoka kwenye kupanga nyumba kwenda kwenye kupika.

Nakubali kwamba mambo haya mawili yamekaribiana sana siku hizi. Akili mnemba ya leo hujengwa kwa modeli, yaani programu inayofunzwa kwa kuonyeshwa mifano mingi. Mwaka 2012 modeli iliyoshinda shindano la ImageNet la kutambua picha ilifunzwa kwa chipu mbili za aina ya GPU, yaani chipu za kuchakata michoro, zilizokuwa zikiuzwa kwa wachezaji wa michezo ya kompyuta. Mwaka 2024 Meta ilieleza kwamba modeli yake kubwa ya Llama 3.1 ilifunzwa kwa zaidi ya chipu 16,000 za Nvidia H100. Kampuni nyingi haziwezi kununua mitambo ya kiasi hicho, wala hazina umeme wa kuiendesha, na kwa hiyo zinapotaka kutumia modeli kubwa huenda kwa walewale wanaokodisha wingu. Tangu ChatGPT ilipotolewa Novemba 2022, haja hiyo ndiyo inayoamua wakodishaji wajenge wapi, wanunue chipu gani na watafute umeme kwa nani. Lakini mfano wa Meta wenyewe unaonyesha kwamba ukaribu si umoja, kwa kuwa kampuni hiyo ilifunza modeli yake katika mitambo yake yenyewe bila kuwa mpangaji wa mtu, na modeli ndogo zinaendeshwa leo ndani ya simu ambayo haijaunganishwa na mtandao wowote. Akili mnemba inaweza kuwepo bila wingu, kama wingu lilivyokuwepo miaka mingi likihudumia mishahara, barua pepe na maduka ya mtandaoni bila modeli yoyote ya lugha.

Hapa ndipo ninapoona tofauti hii ina faida kubwa kuliko usafi wa lugha. Ukiziangalia tena sifa tano za NIST, utaona kwamba akili mnemba inalivuta wingu mbali na maana yake yenyewe, na mtu aliyeyachanganya maneno mawili hawezi kuuona mvutano huo. Kufunza modeli kubwa kunahitaji maelfu ya chipu zilizo mahali pamoja, zikiunganishwa kwa mtandao wa kasi sana, zikifanya kazi moja kwa wiki au miezi. Nguvu ya namna hiyo haiongezwi na kupunguzwa kila saa. Amazon yenyewe, iliyotufundisha kukodi kwa saa, mwaka 2023 ilianzisha utaratibu wa kuweka nafasi ya chipu hizo kwa tarehe, mithili ya mtu anayelipia kiti cha ndege kabla ya safari, na wateja wakubwa wa wakodishaji wote hufunga mikataba ya miaka ili wasikose. Unaponunua nguvu kwa mkataba wa miaka, ukailipia iwe inafanya kazi au imelala, umerudi karibu na yule aliyekodi seva moja kwa mwaka mzima.

Kuitumia modeli iliyokwisha kufunzwa ni jambo lingine, na mashirika mengi yanafanya hili tu hata pale yanaposema "tunajenga akili mnemba". Programu ya shirika hutuma maandishi kwenye modeli iliyo kwa mkodishaji, hupokea majibu, na ankara huhesabiwa kwa tokeni, yaani vipande vya maneno vilivyoingia na kutoka. Mahitaji hupanda mchana na kushuka usiku, kipimo kipo, na hakuna haja ya kumwomba mtu ruhusa. Hili ni wingu kwa maana yake kamili, pengine kamili kuliko kukodi mashine pepe. Basi ndani ya maneno mawili yanayotamkwa kama kitu kimoja mna shughuli mbili, moja inayoivunja maana ya wingu na nyingine inayoitimiza, na gharama zake, hatari zake na mikataba yake haifanani.

Kuhusu lile la data kuwa hewani, nitasema machache. Huduma za wingu zimegawanywa kwa kanda, yaani maeneo halisi yenye vituo vya data, na anayekodi huchagua kanda kwa jina. Tarehe 20 Oktoba 2025 hitilafu katika kanda moja ya Amazon iliyoko Virginia, Marekani, ilikwamisha huduma nyingi katika nchi zilizo mbali sana na hapo, jambo ambalo lisingewezekana kama data zingekuwa hewani. Umeme nao una anwani. Shirika la Kimataifa la Nishati lilikadiria kwamba vituo vya data vilitumia takribani terawati-saa 415 mwaka 2024, karibu asilimia 1.5 ya umeme wote duniani, na kwamba kiasi hicho kinaweza kufika terawati-saa 945 hivi mwaka 2030, akili mnemba ikiwa sababu kubwa ya ongezeko. Septemba 2024 Microsoft ilifunga mkataba wa miaka 20 wa kununua umeme wa kinu cha nyuklia cha Three Mile Island, ambacho kilikuwa kimefungwa na sasa kifunguliwe upya. Hata kuondoka kuna uzito wake: kwa muda mrefu kuingiza data kwa mkodishaji kulikuwa bure na kuitoa kulitozwa. Mwaka 2024 ndipo Google, Amazon na Microsoft walipoanza kuwaondolea ada hiyo wateja wanaohama kabisa.

Mhandisi wa miaka ya 1970 alichora wingu ili kusema kwamba yaliyomo hayakuhusu. Kwa shirika linalotuma nyaraka zake kwenye modeli, yaliyomo yanahusu: kanda ipi inazipokea, kama zinabaki huko baada ya jibu kutolewa, kama zinatumika kufunza modeli nyingine, na nani analipa tokeni zinapozidi makadirio.

Yule mtaalamu wa mkutanoni angeweza kusema hivi, na viongozi wake wangemwelewa: "Tunaendelea kukodi nguvu ya kompyuta kama tulivyofanya miaka iliyopita. Kuanzia mwaka huu, sehemu ya tunachokodi ni matumizi ya modeli ambayo hatukuifunza sisi, iliyoko katika kanda fulani, tutakayoilipia kwa tokeni." Ni sentensi ndefu kuliko aliyoisema, lakini ingempa mhasibu wake mahali pa kuanzia kuuliza bei, na mwanasheria wake mahali pa kuanzia kuuliza nyaraka zinakwenda wapi.