Rauta ya Pili Peke Yake Haiwatengi Wageni

Wateja wangu wengi wa Arusha, hasa wenye nyumba za Njiro na Sakina wanaopangisha vyumba kwa watalii, hunihakikishia kwamba wamekwisha kuwatenga wageni na mtandao wa familia, kwa sababu wamenunua rauta ya pili (kifaa kinachogawa intaneti nyumbani), wakaichomeka kwa waya kwenye ile ya familia na kuipa jina na nywila yake. Dhana hii nimeisikia mno, na hatari yake si ndogo: mtu aliyelala chumba cha uani usiku mmoja anaweza kuufikia mtambo unaorekodi kamera za ulinzi za nyumba nzima, ambao mara nyingi bado unatumia nywila ya kiwandani.

Ukweli ni kwamba rauta ya pili huihesabu ile ya kwanza, pamoja na vyote vilivyounganishwa nayo, kuwa upande wa nje. Simu ya mgeni yenye anwani (namba ya kifaa kwenye mtandao) 192.168.1.20 ikiutafuta mtambo wa kamera wenye anwani 192.168.0.50, rauta ya wageni huona kwamba anwani hiyo si ya upande wake, hivyo hulipitisha ombi kuelekea nje, na nje kwake ni sebuleni kwako. Kinachozuiwa kwa kawaida ni vifaa vya familia kuwafikia wageni, yaani ukuta umejengwa upande usiohitajika. Waya ukichomekwa kwenye tundu la LAN, yaani la vifaa vya ndani, badala ya WAN, yaani la upande wa nje, hata ukuta huo haupo.

Kabla ya kununua chochote, fungua mipangilio ya rauta uliyonayo, washa mtandao wa wageni, na uzime kipengele kinachowaruhusu kuufikia mtandao wa ndani. Angalia pia kwamba rauta hiyo haijawekwa kurusha waifai tu huku kifaa kingine kikigawa anwani, kwa maana katika hali hiyo utengano huweza kupotea bila onyo lolote. Kisha upime, na hapa sikubali mkato: unganisha simu na mtandao wa wageni, zima data, andika anwani ya mtambo wa kamera kwenye kivinjari. Ukurasa wa kuingilia ukifunguka, hujatenga kitu.

Wapo wanaodhani kwamba jina linaloishia na 5G ndilo la wageni. Hilo ni masafa ya gigahezi 5 ya mtandao uleule, na anayeingia humo ameingia nyumbani.

Kuficha jina la mtandao nako si ulinzi, kwa sababu simu zako hulitaja hewani zinapojiunga.

Wala mtandao wa wageni hauongezi kasi: megabiti unazolipia hugawanywa kwa wote, kwa hiyo kama rauta yako ina kipengele cha kuwawekea wageni ukomo wa kasi, kitumie.