Je, wajua kwa nini bahari inashuka Stockholm huku ikipanda duniani?

Mpe mwanafunzi wa chuo grafu ya kimo cha maji bandarini Stockholm, Sweden, ambako kumbukumbu za vipimo zinaanzia 1774. Mstari unateremka: katika miaka 100 iliyopita maji yameshuka kwa zaidi ya sentimita 30. Kisha mpe ya Galveston, katika jimbo la Texas nchini Marekani. Huko, kwa muda huohuo, yamepanda kwa zaidi ya nusu mita. Bahari zote zimeungana, sasa ipi ni ya kweli?

Naamini somo la kupanda kwa bahari lianzie hapo, kwenye data zinazogongana. Wastani wa dunia mwanafunzi ataukariri tu, kisha mtihani ukiisha ausahau.

Grafu zote mbili ni za kweli. Kipimo cha bandarini kimefungwa kwenye nchi kavu, na nchi kavu nayo haitulii. Wakati wa Enzi ya Barafu, Skandinavia ilielemewa na barafu yenye unene wa kilomita 2 hadi 3. Barafu hiyo iliyeyuka maelfu ya miaka iliyopita, lakini miamba ya chini kabisa husogea polepole mno, kwa hiyo ardhi bado inainuka, kama godoro baada ya mlalaji kuamka. Vipokezi vya GPS vilivyofungwa kwenye mwamba vinaonyesha kuwa eneo la Stockholm hupanda kwa takriban milimita 5 kila mwaka. Galveston ni kinyume chake: kuchimba maji ya chini ya ardhi, mafuta na gesi kumechangia ardhi kudidimia.

Ili kuiona bahari yenyewe, twende angani. Tangu setilaiti ya TOPEX/Poseidon irushwe 1992, uso wa bahari umekuwa ukipimwa kwa rada, na wastani wake umepanda kwa takriban sentimita 10. Kasi nayo imekaribia kuwa maradufu.

Maji hayo yanatoka wapi? Hapa darasa huchangamka, kwa sababu jibu linapatikana kwa kalamu na karatasi. Bahari zote zina eneo la kilomita za mraba milioni 361. Kuziinua kwa milimita 1 kunahitaji maji ya takriban tani bilioni 360. Setilaiti pacha za GRACE, zilizorushwa 2002, zilipima mabadiliko ya nguvu ya uvutano na kuonyesha kuwa Greenland hupoteza kama tani bilioni 270 za barafu kwa mwaka. Gawanya: robo tatu ya milimita. Antaktika na barafu za milimani huongeza zao, na sehemu kubwa iliyobaki ni maji yanayotanuka kwa joto, ambalo maboya ya Argo hulipima hadi kina cha mita 2,000.

Mwanafunzi atadhani robo tatu hiyo inagawanywa sawasawa kila pwani. La. Barafu ya Greenland ni nzito kiasi cha kuyavuta maji ya bahari kuelekea kwake. Ikipungua, mvuto hulegea na maji huondoka: bahari iliyo karibu na Greenland hushuka, ya mbali hupanda kupita wastani. Na kwa sababu hiyohiyo, barafu ya Antaktika Magharibi ikiyeyuka, pwani nyingi za kaskazini mwa dunia hupata zaidi ya fungu lao.