Jifunze saketi za kidijitali kwa taa ya ngazi

Wengi wanaoanza kujifunza saketi za kidijitali hukimbilia waya kabla ya kushika kalamu. Taa ikiwaka isipotakiwa, hawajui pa kuanzia kutafuta kosa. Sisi tunaofundisha somo hili tunasisitiza jambo moja: jedwali la ukweli kwanza, yaani orodha ya kila hali ya swichi na jibu lake.

Chukua taa ya ngazi yenye swichi mbili, A chini na B juu. Swichi zikiwa katika hali moja, 0 na 0 (zote hazipitishi umeme) au 1 na 1 (zote zinapitisha), taa imezimika. Zikitofautiana, inawaka. Jedwali lote ni mistari 4, na lango, yaani saketi ndogo inayopokea 0 na 1 na kutoa 0 au 1, linalolitii huitwa XOR. Aliyeonyesha kwamba swichi zinaweza kukokotolewa kwa aljebra ya mwanahisabati George Boole, ya kweli na si kweli, ni Claude Shannon, mwaka 1937, akiwa bado mwanafunzi wa uzamili huko MIT, chuo cha teknolojia cha Marekani.

Sasa tulijenge. Lango la NAND hutoa 0 pale tu maingizo yake yote yanapokuwa 1. Chipu ya 74HC00 ina malango 4 ya aina hiyo, na XOR inahitaji manne hayohayo. A na B ziingie lango la kwanza. Tokeo lake liingie la pili pamoja na A, na vilevile la tatu pamoja na B. Matokeo ya la pili na la tatu yaingie la nne, ambalo ndilo linalowasha taa. Jaribu kwa kalamu A ikiwa 1 na B 0: la kwanza linatoa 1, la pili 0, la tatu 1, la nne 1. Maliza mistari mitatu iliyobaki mwenyewe kabla ya kugusa chipu.

Tumia volti 5 za mkondo wa moja kwa moja (DC), kamwe si umeme wa nyumbani. Chanya iende pini ya 14, hasi pini ya 7, na taa iwe LED ndogo yenye rezista ya ohm 1,000. Swichi iliyo wazi haimaanishi 0! Ingizo lisilounganishwa popote huyumba, na taa huweza kuwaka hata ukisogeza mkono karibu. Kila ingizo la swichi liunganishwe na hasi kupitia rezista ya ohm 10,000.

Ikikubali, tafuta chipu ya pili. Tokeo la lango la kwanza, likigeuzwa na NAND moja zaidi, linakupa tarakimu ya kubeba, XOR inakupa ile inayobaki, na saketi yako inajumlisha 1 na 1.