Nafasi Imekaa Wazi Miezi Sita? Usianze na Uvivu wa Vijana

Kazi yangu ni kuwatafutia waajiri watu, na wasipopatikana, kueleza kwa nini hawakupatikana. Hiyo sehemu ya pili ndiyo inayonizeesha. Kabla sijafungua hata faili, mwajiri ameshanipa jibu: siku hizi watu hawataki kazi. Vijana wamezoea simu. Serikali inawadekeza. Nimeyasikia hayo kwa wenye hoteli, kwa wakandarasi, kwa wenye kampuni za ulinzi, na juzi nimeyasikia tena kwa bwana mmoja ambaye wahudumu wake huijua zamu ya Jumatatu saa tatu usiku wa Jumapili. Basi, leo nayaandika yote, ili mwingine akija na wimbo huo nimpe asome.

Historia nitaipitia mbiombio, kwa sababu lalamiko lenyewe lina ndevu. Tauni ya karne ya 14 ilipofagia sehemu kubwa ya watu wa Uingereza, vibarua waliosalia wakaanza kudai ujira mnono zaidi. Ilitolewa amri mwaka 1349, kisha sheria ya bunge mwaka 1351, kuurudisha ujira pale ulipokuwa kabla ya tauni na kumlazimisha kila mwenye nguvu aliye chini ya miaka 60, asiye na riziki yake, akubali kazi anayopewa. Amri yenyewe inanung'unika kwamba kuna watu wanaona heri waombeombe kuliko kuchuma kwa jasho. Karibu miaka 700 imepita na maneno ni yale yale.

Kuhusu serikali kudekeza watu, tunao mfano uliojaribiwa kweli kweli. Wakati wa janga la korona, Marekani iliwaongezea wasio na kazi dola 300 kwa wiki juu ya posho ya kawaida. Karibu nusu ya majimbo yakaikata nyongeza hiyo mapema, kuanzia Juni 2021, yakiamini migahawa itafurika waombaji. Majimbo mengine yakaendelea nayo hadi Septemba. Ukiyalinganisha makundi hayo mawili, ajira iliongezeka kidogo kule ilikokatwa, lakini waliopoteza posho bila kupata kazi walikuwa wengi mno kuliko walioipata. Kwa hiyo posho ina athari, sikatai. Ila si ile athari unayoitangaza kwenye mkutano wa wafanyabiashara.

Sasa tuingie panaponikera.

Mtu anaponiambia "wafanyakazi hawapo", huwa anakata sentensi nusu. Sentensi nzima ni: hawapo kwa mshahara huu, kwa zamu hizi, kwa umbali huu. Wachumi wengi wanaishia hapo, wanatabasamu, wanasema "pandisha mshahara" na kwenda kunywa kahawa. Hao nao wananikera, maana hawajakaa na mwajiri wakapiga hesabu yake. Tuipige.

Una wahudumu 20, kila mmoja unamlipa 100 kwa siku. Unatafuta wawili zaidi. Kwa 100 hawaji, ila kwa 120 wangekuja. Mchumi anasema ongeza 20, shida iko wapi? Shida ni wale 20 ulionao. Siku watakapojua kwamba mgeni asiyejua hata birika la chai linakaa wapi analipwa kuliko wao, na watajua kabla ya chakula cha mchana, itabidi uwapandishe wote. Wageni wawili watakula 240. Wenyeji 20 wataongezewa 400. Jumla 640 kwa siku kwa ajili ya mikono minne mipya, yaani kila mgeni anakugharimu 320 wakati umeandika 120 kwenye mkataba wake. Kwa hesabu hiyo mwajiri si mjinga hata kidogo anapoamua kuacha nafasi wazi, kuwabana waliopo wazibe pengo, na kuacha tangazo likining'inia mlangoni mwaka mzima akiomba Mungu amletee wawili wa 100.

Mchumi wa Uingereza Joan Robinson alilichambua jambo hili mwaka 1933: mwajiri mwenye nguvu ya kupanga ujira ataajiri watu wachache kuliko ambao angewaajiri kama angelazimika kushindana. Nafasi ya namna hiyo itaonekana wazi siku zote, na mwenyewe ataapa kwa dhati kwamba kuna uhaba. Hadanganyi. Kweli angependa kuwapata wawili hao. Ila hapendi kuwalipia wale 20. Ukishaiona hesabu hii, utaelewa vituko vingine vingi: kwa nini kampuni hutoa bonasi nono ya kujiunga lakini hagusi mtu mshahara wa msingi, kwa nini kutajiana mishahara ni mwiko ofisini, kwa nini kibarua wa wakala analipwa zaidi ya mwajiriwa aliyesimama ubavuni mwake na hakuna anayeshtuka.

Waajiri wengine wamekwenda mbali zaidi. Wachumi Alan Krueger na Orley Ashenfelter walipochunguza mikataba ya minyororo mikubwa ya biashara zenye matawi ya kukodishwa jina huko Marekani, waligundua kwamba mwaka 2016 zaidi ya nusu ilikuwa na kifungu cha kuwakataza wenye matawi kunyang'anyana wafanyakazi. Migahawa ya vyakula vya haraka imo. Yaani ulikuwa unalia hupati watu, na kabatini ulikuwa na karatasi uliyotia saini kwamba hutamchukua mpishi wa tawi la mtaa wa pili hata akija mwenyewe na aproni yake mkononi!

Sitoi jibu moja la bei ya kazi, yaani mshahara, maana mara nyingi tatizo haliko kwenye kuajiri kabisa. Waajiri wa huduma huja kwangu wakitaka waombaji wengi zaidi, nami huwaomba orodha ya walioondoka mwaka uliopita na tarehe zao za kuanza. Hawapendi ombi hilo. Orodha ikija, aghalabu unakuta waliajiriwa watu wa kutosha kujaza nafasi zote mara mbili, na wengi hawakumaliza miezi mitatu. Huko ni kujaza ndoo iliyotoboka, na mimi ndiye ninayelipwa kuchota maji.

Ukitaka kuliona tundu, soma tangazo lenyewe. Ninalo moja mbele yangu, la msaidizi wa jikoni. "Uzoefu wa miaka mitatu": wa kumenya viazi na kuosha sufuria. "Zamu zinazobadilika": hutajua wiki ijayo unafanya kazi lini, kwa hiyo huwezi kumpanga mtu wa kukaa na mtoto, huwezi kusoma jioni, huwezi kushika kibarua cha pili, na kwa mshahara huo cha pili utakihitaji. "Awe tayari kufanya kazi chini ya shinikizo": walioondoka hawajazibwa. "Mshahara wa kuvutia": haujatajwa. Mtu akilisoma hilo akapita, anaitwa mvivu.

Na wakipata pa kwenda, wanakwenda. Novemba 2021, Wamarekani zaidi ya milioni nne waliacha kazi kwa hiari yao ndani ya mwezi mmoja, na hoteli na migahawa ndiyo iliyoongoza kwa kuachwa. Wengi hawakwenda kulala. Walihamia kazi nyingine, na mishahara ya ngazi za chini ikapanda kwa kasi kuliko ya ngazi za juu, jambo lisilotokea kila mwaka.

Mpaka hapa nimesema huduma. Ufundi ni ugonjwa mwingine, na anayeuchanganya na huo wa kwanza ananiharibia siku. Mhudumu wa mezani unaweza kumpata Jumatatu akawa anajimudu wiki mbili baadaye. Fundi umeme humpati hivyo. Ujerumani, inayosifiwa na kila mtu kwa uanagenzi wake, humchukua kijana miaka mitatu hadi mitatu na nusu kumfikisha. Mshahara wa leo unamvuta mwanagenzi wa leo, ambaye ni fundi wa miaka minne ijayo, na huenda siku hiyo ujenzi umeshalala. Mwaka 1959 wachumi Kenneth Arrow na William Capron walieleza uhaba wa wahandisi kwa namna hiyo hiyo: mahitaji yanapanda mfululizo, malipo na mafunzo yanayafuata kwa nyuma, na muda huo wote nafasi ziko wazi bila mtu yeyote kuwa mvivu. Na Ujerumani yenyewe, pamoja na uanagenzi wake wote, inalia haina mafundi bomba.

Tena ufundi una kumbukumbu. Ujenzi wa nyumba ulipoporomoka Marekani, kati ya mwaka 2006 na 2010 sekta ya ujenzi ilipoteza ajira zaidi ya milioni mbili. Welda na waashi wale walikwenda kuendesha magari, wakaingia viwandani, wakastaafu, wakarudi makwao. Mbaya zaidi, katika miaka hiyo hakuna aliyekuwa na kazi ya kumpa mwanagenzi, kwa hiyo rika zima halikufundishwa. Miaka kumi baadaye mkandarasi anauliza wako wapi mafundi wa miaka 30. Wako kule ulikowafukuzia ukiwa na miaka yako ya njaa. Simlaumu kwa kuwafukuza, hakuwa na fedha. Namlaumu kwa kushangaa.

Halafu lipo hili la nani afundishe. Mkandarasi anayemlea mwanagenzi miaka mitatu anajua jirani atamchukua siku ya nne baada ya cheti. Kwa hiyo kila mmoja anangoja mwenzake afundishe. Uingereza iliona hilo zamani, ikatunga sheria mwaka 1964 ya kuwatoza waajiri wote wa sekta fulani ili wanaofundisha wafidiwe, na tozo ya ujenzi ipo hadi leo. Imesaidia? Kiasi. Fedha zikishakusanywa, ugomvi unahamia kwenye nani azile.

Kesi ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu inamchanganya kila mtu, ni ya madereva wa malori Uingereza mwaka 2021. Vituo vya mafuta vilikauka kwa kukosa wa kuyaleta. Kila mtu akatoka na sababu yake: kujitoa Umoja wa Ulaya, korona iliyosimamisha mitihani ya leseni, kanuni mpya ya kodi kwa waliojiajiri, ujira, maegesho yasiyo na choo. Serikali ikatoa viza 5,000 za muda na waombaji wakawa haba. Lakini angalia hili: chama cha wenye malori kilikadiria upungufu wa madereva kama 100,000, na watu waliokuwa na leseni hiyo mfukoni bila kuendesha walikuwa zaidi ya hao. Bomba la kuleta madereva lilikuwa limeziba upande mmoja, ni kweli, maana mitihani ilisimama. Upande wa pili walikuwepo waliojifunza, wakafaulu, wakaonja kulala ndani ya lori na kwenda haja kichakani, wakaamua basi.

Ukiniuliza kila sababu ilichangia asilimia ngapi, nitakuambia hakuna anayeweza kuzitenganisha, na anayekupa asilimia safi ana kitu anakuuzia. Sababu zile zilikuja pamoja, na kila moja iliifanya nyingine iume zaidi.

Hata data yangu mwenyewe siiamini sana. Fomu ya kuondoka kazini ina kisanduku cha "sababu binafsi", na karibu kila mtu anakitia tiki, kwa sababu anahitaji barua ya utambulisho kutoka kwa msimamizi yule yule anayemkimbia. Ukimpigia simu miezi kadhaa baadaye anakuambia hakuheshimiwa. Ukiangalia alikokwenda, analipwa zaidi. Heshima au pesa? Kila kundi la wasomi lina jibu lake. Mimi nimeona watu wakivumilia bosi jeuri kwa mshahara mzuri, na nimeona watu wakiondoka kwenye mshahara mzuri kwa sababu ya ratiba, hasa akina mama. Ningelazimishwa kuweka dau, ningeweka kwenye ratiba. Kuithibitisha ni shughuli nyingine.

Na kuna mahali hoja yangu yote ya bei inaishiwa pumzi. Japani, watu wa umri wa kufanya kazi walifikia kilele katikati ya miaka ya 1990, na tangu hapo wanapungua. Unaweza kumpandishia mshahara mpishi, atatoka kwa jirani yako, na sasa jirani ndiye asiye na mpishi. Mgahawa unaweza kupunguza siku, kupunguza meza, kuweka mashine ya kuagizia, au kufunga. Baadhi ya biashara ziliishi tu kwa sababu kulikuwa na watu wa kulipwa kidogo, na zikifa sitavaa nguo nyeusi. Lakini nyumba ya kutunzia wazee haiwezi kupunguza wazee. Mwaka 2019 Japani ilifungua viza mpya kwa wafanyakazi wa kigeni, na utunzaji wa wazee ukawa miongoni mwa kazi za kwanza kuorodheshwa.

Katika kazi hiyo ya wazee, tena, malipo ya huduma aghalabu hupangwa na bajeti ya serikali au bima, wala si na mwenye nyumba hiyo ya wazee. Zile hesabu zangu za 100 na 120 anazijua vizuri kuliko mimi, ila hana pa kuiongeza ile 20. Yeye ndiye mwajiri pekee ambaye akiniambia hawezi kupandisha mshahara huwa namwamini. Naye, ajabu, sijawahi kumsikia akisema watu hawataki kazi. Anasema ana zamu mbili za usiku za kuziba na mtu mmoja wa kuzifanya, ambaye amezifanya pia jana.