Sindano kucheza si kuwa nzima

Kijana mwingine ameniletea Weston Master II, kipima mwanga cha zamani cha wapiga picha, aliyoipata kwenye mitumba ya soko la Kibuye. Akaielekeza dirishani, sindano ikaruka, naye akatabasamu: "Mwalimu, si iko sawa?" Haiko sawa. Nimechoka kulisema hili.

Dhana: sindano ikicheza, kipima mwanga ni kizima.

Vipima hivi vya zamani havina betri. Mwanga ukiipiga seli ya seleni, seli yenyewe huzalisha umeme unaoisukuma sindano. Seli hiyo huzeeka, na unyevu huizeesha haraka. Nasi hapa Kisumu tunaishi kando ya ziwa. Ikizeeka haifi ghafla. Huendelea kusukuma kwa nguvu pungufu, na mara nyingi husema kweli juani, ikadanganya kivulini. Inakwambia upige kwa 1/15 ya sekunde pale ambapo 1/60 ingetosha, mkono unatikisika, na filamu nzima ya picha 36 inatoka na ukungu. Kwa bei ya filamu siku hizi, umeokoa nini?

Kabla hujatoa pesa, toka nje saa sita mchana pasipo wingu. Weka ISO, yaani wepesi wa filamu kuhisi mwanga, iwe 100 (kwenye Master II zungusha hadi 80, kwa kuwa hutumia namba zake za Weston), kisha ielekeze kwenye nyasi mbichi. Utarajie karibu tundu la lenzi f/16 kwa kasi ya 1/125. Halafu nenda chini ya mwembe, halafu ndani ya duka, kila mahali ukilinganisha na kamera ya dijitali. Ikisoma pungufu kwa stopu moja ile ile kote (yaani nusu ya mwanga uliopo), inunue, uongeze ISO maradufu. Ikikosea nusu stopu hapa na mbili kule, mrudishie mwenyewe.

Dhana: programu ya simu ya kupima mwanga ni mchezo wa watoto.

Kwa mwanga wa mchana inatosha. Haisomi flashi, lakini hata vipima vingi vya bei nafuu havisomi. Mtu wa studio aulize kwanza kama kinasoma flashi.

Dhana: cha betri hakina shida.

Vingi vya miaka ya 1960 vilitengenezewa betri ya zebaki ya volti 1.35, isiyouzwa tena. Ukitia ya 1.5, vingi hupotosha. Tafuta ya zinki-hewa, ile ya vifaa vya masikioni vya wasiosikia vizuri.

Dhana: cha bei ghali hakidanganyiki.

Kinachosoma mwanga unaorudi kutoka kwenye kitu hudhani kila kitu ni cha kijivu. Gauni jeupe la bibi harusi likijaza eneo kinalosoma, uso wake mweusi unazama gizani. Nunua chenye kuba nyeupe, kinachosoma mwanga unaomwangukia mtu, hata kama ni cha bei ya chini, ukishike chini ya kidevu chake, kuba ikitazama kamera.